Usilifunge Jukwaa kwa Hofu ya Faini

*Shikamoo Bi. Mshauri,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Leicester, Uingereza. Miaka kama kumi iliyopita, mimi na mpwa wangu tulianzisha jukwaa la mtandaoni la Waswahili wa huku: watu wa Pwani na wa bara, Wakongomani, Warundi, yeyote anayezungumza Kiswahili. Si kikundi cha WhatsApp wala cha Facebook. Mpwa wangu alikodi seva, akaweka programu, na gharama tunazilipa wenyewe. Wanachama wameshazidi elfu mbili. Huulizana habari za shule, nyumba za kupanga, vyeti na tiketi. Hutangaza misiba na kuchangishana kusafirisha maiti. Huuziana vitu, na usiku hubishana siasa za nyumbani. Wanaweza pia kuandikiana ujumbe binafsi na kutumiana picha.*

*Sasa mwanachama mmoja ameniandikia kwamba kuna sheria mpya, kwamba nilipaswa kuwa nimekamilisha makaratasi tangu mwaka 2025, na kwamba naweza kutozwa faini ya pauni milioni 18. Tangu siku hiyo silali. Mpwa wangu anasema tuhamishie seva Nairobi ili sheria isitufikie. Rafiki yangu anasema tufunge kila kitu twende WhatsApp. Wengine wananishauri nifute siasa zote. Sina kampuni wala mfanyakazi. Natunza wazee katika makao ya wazee, na jukwaa nalisimamia nikirudi kazini. Nifanyeje?*

*Mama Watatu, Leicester*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa usingizi uliokupotea.

Usilifunge. Nalitanguliza hilo ili leo ulale, kisha nikueleze kazi iliyo mbele yako. Kazi ipo, maana huyo aliyekuandikia hakukutungia uongo. Sheria ipo, na jukwaa lako limo ndani yake.

Yenyewe ni Sheria ya Usalama Mtandaoni ya Uingereza, iliyopata idhini ya kifalme tarehe 26 Oktoba 2023. Wanaoisimamia ni Ofcom, mamlaka ile ile ya redio, televisheni na simu. Desemba 2024 Ofcom walitoa miongozo yao kuhusu maudhui haramu, wakawapa wenye huduma hadi tarehe 16 Machi 2025 wawe wamemaliza tathmini ya hatari. Kuanzia tarehe 17 mwezi huo, wajibu wa kuwakinga watumiaji dhidi ya maudhui hayo ukaanza kutekelezwa. Sheria inamgusa karibu kila anayeendesha huduma ambamo mtumiaji mmoja huweka kitu na mwingine akakiona, kiwe andiko, picha, video au ujumbe. Haiulizi kama una kampuni, kama unapata faida, au kama unasimamia usiku ukitoka kazini.

Mpwa wako ni kijana wa msaada, lakini katika hili amekosea. Sheria haifuati seva, inafuata watu. Huduma yenye watumiaji wengi walioko Uingereza, au iliyowalenga watu wa Uingereza, imo, hata mashine zake zikikaa Nairobi, Dar es Salaam au Muscat. Jukwaa lako liliundwa kwa ajili ya watu wanaoishi Uingereza, na wewe mwenyewe uko Leicester. Hata walio ng'ambo hawakuachwa: Oktoba 2025 Ofcom waliitoza 4chan, jukwaa ambalo makao yake ni Marekani, faini ya pauni 20,000. Wenyewe walipeleka kesi katika mahakama ya kwao kupinga mamlaka ya Ofcom, lakini wewe huna mahakama ya Marekani ya kukimbilia, wala huihitaji.

Itazame faini hiyo kwa makini, kwani ndani yake kuna jambo linalokuhusu. 4chan hawakutozwa kwa sababu ya picha fulani au maneno fulani. Walitozwa kwa sababu Ofcom waliwaandikia wakitaka, pamoja na mambo mengine, nakala ya tathmini yao ya hatari, na wao hawakujibu. Kwa hiyo hakikisha jukwaa lina anwani ya barua pepe inayoonekana na inayosomwa kila siku. Siku ikija barua kutoka Ofcom, ijibu ndani ya muda uliotajwa, hata kama jibu lenyewe ni kueleza ulipofikia na kuomba uongezewe muda.

Zile pauni milioni 18, au asilimia 10 ya mapato ya dunia nzima kama hiyo ndiyo kubwa zaidi, ni ukomo wa juu uliowekwa kwa kuwafikiria wenye mabilioni. Sheria yenyewe inataka hatua zilingane na ukubwa wa hatari na uwezo wa mwenye huduma. Hakuna leseni ya kulipia, tofauti na utaratibu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ambao ndugu zetu wa huko wameuzoea tangu mwaka 2018, na ada za Ofcom zinawahusu wenye mapato makubwa mno. Hata hivyo, usije ukajiambia kwamba udogo ni kinga. Uchunguzi wa kwanza uliotangazwa na Ofcom chini ya sheria hii, Aprili 2025, haukuwa wa kampuni kubwa. Ulihusu jukwaa lililozungumzia watu kujiua. Ofcom wanatazama madhara yanayoweza kutokea, na jukwaa dogo linaweza kuua.

Sasa WhatsApp. Rafiki yako hajakosea kisheria. Sheria humtafuta yule mwenye mamlaka ya kuamua nani aitumie huduma na nani asiitumie. Katika kikundi cha WhatsApp au cha Facebook, mwenye nyumba ni kampuni, na msimamizi wa kikundi ni mpangaji tu. Ukihamia huko, mzigo wa tathmini utakushuka. Lakini fikiri unachokiacha. Kumbukumbu za miaka kumi za maswali na majibu zitapotea: jinsi ya kutafsiri cheti cha kuzaliwa, shule ipi inapokea watoto katikati ya mwaka, kampuni gani ya mazishi inaelewa taratibu za Kiislamu. Namba ya simu ya kila mama aliyekimbia mume mkorofi inaweza kuonekana na wote kikundini. Na akitokea tapeli, malalamiko yatakwenda kwa mtu usiyemjua, ambaye huna hakika kama anajua Kiswahili. Desemba 2024 jukwaa moja la waendesha baiskeli wa London, LFGSS, lilitangaza kwamba litafunga kwa sababu ya sheria hii. Nilisikitika, kwa kuwa pale palikuwa mahali ambapo watu waliangaliana. Lako pia ni mahali pa namna hiyo, na huku hakuna wengi wanaoweza kulijenga upya.

Kazi yako ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni hiyo tathmini ya hatari. Jina linatisha, lakini ni waraka wa kuandika mezani, wewe na mpwa wako, mkiwa na kumbukumbu za jukwaa mbele yenu. Ofcom waliyapanga maudhui haramu yanayopewa uzito katika makundi 17: ugaidi, unyanyasaji wa watoto kingono, chuki, vitisho na usumbufu, picha za utupu zinazosambazwa bila ridhaa, usafirishaji haramu wa watu, ulaghai wa fedha, dawa za kulevya, silaha, kuhimiza mtu ajiue, na mengine. Kwa kila kundi mnajiuliza: je, jambo hili limewahi kutokea kwetu? Linaweza kutokea kupitia njia gani? Likitokea, litamdhuru nani? Kisha mnaamua kama hatari ni ndogo sana, ndogo, ya kati au kubwa, na mnaandika sababu. Tovuti ya Ofcom ina zana ya bure inayokuongoza hatua kwa hatua, na kwanza inakusaidia kuthibitisha kama sheria inakuhusu. Itumie. Usinunue waraka uliokwisha kujazwa kutoka kwa mtu yeyote. Tathmini isiyozungumzia watu wako haikukingi, na mtu anayekuuzia hofu hatakuwepo barua ikija.

Niseme wapi mimi ningetazama kwanza, maana hapa wewe unajua zaidi kuliko wataalamu wa London.

Ningeanza na misiba. Mtu akifa ughaibuni, jamaa huhitaji fedha nyingi kwa haraka: jeneza, vibali, ndege, wakati mwingine na tiketi ya mjane. Watu wetu hutoa bila kuuliza, maana kuuliza msibani ni utovu wa adabu. Tapeli anaijua adabu hiyo na anaitegemea. Anatangaza kifo ambacho hakikutokea, au anachukua msiba wa kweli na kuweka akaunti yake mwenyewe. Kwa sheria ya Uingereza huo ni ulaghai, na ulaghai ni mojawapo ya yale makundi 17. Kwa hiyo weka utaratibu: tangazo la mchango lisitoke hadharani mpaka watu wawili wanaojulikana wamethibitisha, mmoja wao akiwa kiongozi wa jumuiya, wa msikiti au wa kanisa la eneo hilo. Fedha zielekezwe kwa kampuni ya mazishi au akaunti ya jumuiya, isiwe akaunti ya mtu mmoja. Akitokea wa kusema mnawatilia shaka wafiwa, mwambieni utaratibu ni kwa wote, ndiyo maana hakuna anayeonewa.

Baada ya misiba, kazi. Matangazo ya kazi za ndani Ghuba au Ulaya, ambayo humtaka binti atoe ada kabla ya safari au akabidhi pasipoti kwa wakala, yanabeba hatari mbili kwa pamoja: ulaghai na usafirishaji haramu wa watu. Andika kanuni kwamba tangazo lisilotaja jina la mwajiri au wakala aliyesajiliwa halikubaliwi. Usichanganye hilo na mazungumzo ya viza. Mtu anayeuliza namna ya kumleta mke wake hana kosa. Anayetangaza kuvusha watu kwa magendo, au kuuza nyaraka bandia, ndiye unayemwondoa. Vivyo hivyo, upatu wa akina mama wanaojuana ni desturi yetu njema, lakini atakayeahidi kuzizalisha fedha mara tatu kwa mwezi huyo si mwenye upatu.

Halafu ujumbe binafsi. Hapa ndipo ninapokuomba ufanye uamuzi mgumu. Hadharani, macho ya wanachama elfu mbili yanakusaidia. Faraghani hakuna anayeona, na huko ndiko binti anakoombwa picha na mjane anakoombwa namba ya benki. Ningekuwa wewe, ningeondoa uwezo wa kutumiana picha faraghani, na ningemzuia mwanachama mpya asianzishe mazungumzo binafsi mpaka awe ameshiriki hadharani kwa muda fulani. Uamuzi huo unapunguza hatari ya kweli, na unapunguza pia kiwango mtakachoandika katika tathmini. Huduma ambayo hatari yake ni ya kati au kubwa katika makundi mawili au zaidi huongezewa masharti. Lakini msiandike "ndogo" ili kujifurahisha. Tazameni malalamiko yaliyowafikia mwaka uliopita, muandike yanavyosema.

Hatua zinazobaki utaona kwamba nyingi umekuwa ukizifanya bila kuziandika. Awepo mtu mmoja mwenye jina anayewajibika, naye ni wewe. Pawe na njia rahisi ya kulalamika, kwa mfano kitufe chini ya kila andiko. Lalamiko likaguliwe, na kilicho haramu kiondolewe upesi ukishakijua. Aliyefutiwa andiko apate nafasi ya kupinga na kusikilizwa. Kanuni za jukwaa ziandikwe kwa Kiswahili ambacho nyanya yako angekielewa, zikieleza mnawakingaje wanachama, na ziwekwe mahali pa wazi. Akaunti inayoendeshwa na kundi lililopigwa marufuku Uingereza kwa ugaidi, kama al-Shabaab, iondolewe. Kujadili habari za al-Shabaab ni jambo jingine, na ni halali.

Jambo moja nalisema kwa mkazo. Ikitokea picha ya mtoto akinyanyaswa kingono, iondoe machoni pa watu papo hapo na utoe taarifa polisi au kwa shirika la Internet Watch Foundation. Usimtumie mpwa wako akuambie anaionaje, na usiipeleke kwenye kikundi cha wasimamizi eti ni ushahidi. Kuisambaza ni kosa, hata kwa nia njema.

Kuhusu watoto, kuna waraka wa pili: tathmini ya kama walio chini ya miaka 18 wanaweza kulifikia jukwaa. Ulitakiwa kuwa tayari tarehe 16 Aprili 2025. Kumuuliza mtu umri wake akajibu mwenyewe hakuhesabiwi kuwa uthibitisho. Ila lako ni la watu wazima wanaohangaika na kodi za nyumba na vyeti, na kama ushahidi unaonyesha kwamba vijana si wengi na hakuna kinachowavuta, andika hivyo na sababu zake. Kama wanao huingia kule kuzungumza na binamu zao, na wenzao pia, basi hali ni nyingine, na utahitaji tathmini ya hatari kwa watoto, iliyotakiwa kukamilika kabla ya wajibu wa kuwakinga watoto kuanza tarehe 25 Julai 2025.

Nabaki na siasa, na hapa wanaokushauri ufute zote wanakupotosha. Sheria hii haikuagizi kufuta ubishi wa siasa. Inakutaka pia uzingatie uhuru wa watu kusema ndani ya sheria, na uhuru huo uukumbuke kila unapoamua hatua za kuchukua. Kumkosoa rais, waziri au chama, hata kwa maneno makali, hakukatazwi nayo. Kwa wengi wa wanachama wako, jukwaa hilo huenda ndipo mahali pekee wanapoweza kusema wanayoyaona nyumbani bila kumwangalia aliyeketi nyuma yao. Usiwanyang'anye kwa sababu ya uvumi kuhusu sheria.

Unachoondoa ni vitisho kwa mtu na uchochezi wa chuki kwa sababu ya rangi, asili au dini. Hapa Kiswahili chako kina thamani kubwa. Mgeni akisoma Msukuma na Mzaramo wakitaniana atadhani wanatukanana. Wewe unautambua utani. Na unapoona Mkongomani au Mrundi akiitwa mdudu, mwenzake akajibu kwamba wadudu husafishwa, unajua tulikotoka na maneno hayo katika Maziwa Makuu, na hungoji tafsiri ya mtu. Sheria haikutaki uwe hakimu. Inataka uwe na sababu za msingi za kuamini, kwa taarifa ulizonazo, kwamba andiko ni haramu. Ukiwa nazo, liondoe na uandike kwa nini. Ukiwa huna, liache na uandike kwa nini pia.

Mwanachama anayelalamika kwamba amechafuliwa jina ana njia nyingine, Sheria ya Kashfa ya mwaka 2013, yenye kifungu maalumu kwa waendeshaji wa tovuti. Lalamiko la namna hiyo usilipuuze hata siku moja, na likija na barua ya wakili, nenda kwa wakili wako nalo. Mimi nakuelekeza kazi. Nafasi ya wakili siichukui.

Sasa kuhusu kuchelewa kwako. Tarehe imepita, na utashawishika kuandika Machi 2025 juu ya waraka. Usithubutu. Waraka uliofanyika kwa kuchelewa, wenye tarehe ya kweli, unaonyesha mtu aliyetambua wajibu wake akautimiza. Wenye tarehe ya uongo unaonyesha mtu mwingine kabisa. Kaeni Jumamosi mbili, wewe na mpwa wako. Ya kwanza iwe ya kusoma malalamiko na kupitia yale makundi 17. Ya pili iwe ya kanuni, kitufe cha malalamiko, na kubadilisha taratibu za ujumbe binafsi. Katika hiyo ya pili, mwombe pia akupe nywila zote za seva, na mtafute mwanachama wa tatu mnayemwamini ajifunze kusimamia, kwa sababu wewe ukiugua na yeye akiwa safarini, lalamiko la usiku halitakuwa na wa kulisoma. Nakala moja ya tathmini iwe kwenye kompyuta, nyingine iwe ya karatasi nyumbani. Utaipitia tena angalau mara moja kwa mwaka, na kila mnapotaka kuongeza jambo kubwa, kama video za moja kwa moja, mtaifanya kabla hamjaliwasha.

Na huyo mwanachama aliyekuandikia hadi ukakosa usingizi, mwombe awe huyo wa tatu. Ameshaonyesha kwamba anasoma sheria.